Mgao Kwenye Mto Uliojaa

Watu wa kwenye gemu hawana adabu. Wakikosa maji siku moja tu, wanahama. Juu ya paa inatokea alama nyekundu ya bomba, inapepesa mara tatu nne, halafu nyumba inabaki tupu na mwenye nyumba ameshaondoka na familia yake kama mtu aliyeitwa mahali. Mimi nimezaliwa hapa, nina miaka ishirini na mbili, nimewahi kukaa siku tisa bila tone bombani na sikuhama. Mama yangu hakuhama. Hata mbwa wetu hakuhama. Sasa hawa watu wa kwenye kioo, ambao hata sura hawana, wanakimbia nini?

Hayo ndiyo niliyokuwa nayasema Jumatano ile, saa tisa mchana, kwenye kibanda cha Abdulazizi. Nilikuwa nayasema kwa sauti, na kwa maneno mengine ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Abdulazizi ana kibanda cha gemu hapa senta kwetu, nusu saa kwa bodaboda kutoka Nduguti. Yeye ni mtu wa Singida mjini, baba yake ana duka la vitambaa pale sokoni. Kibandani ana televisheni mbili za gemu la mpira, na kwenye kona kuna kompyuta moja yenye gemu la kujenga mji. Unapewa uwanja mtupu na mto umekatiza katikati. Unachora barabara, unaweka nyumba, unaleta umeme, unavuta maji, na watu wanahamia. Ukiwafurahisha wanaongezeka. Ukiwaudhi wanakwambia kwa alama nyekundu, na usipowasikia wanaondoka.

Wiki hiyo sikuwa nacheza kwa starehe. Abdulazizi alikuwa anakwenda kufungua kibanda cha pili Singida mjini, anataka mtu wa kukaa na hiki cha hapa. Tuliojitokeza tulikuwa wawili, mimi na Fredrick. Mashine tunazijua wote, na wateja wanatujua wote. Abdulazizi akakuna kidevu, akasema hataki kumpa mtu kazi kwa maneno.

"Kila mtu aanze mji wake leo Jumamosi," alisema. "Joshua unakaa saa nane mpaka saa kumi, Fredi saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Mnacheza mpaka Ijumaa. Mwenye watu wengi mjini kwake ndiye anakaa na kibanda changu. Mtu akiweza kukaa na watu elfu ishirini wasimkimbie, na wateja wangu hawatamkimbia."

Nilikubali haraka. Niliitaka ile kazi.

Kazi yangu ni guta, mkokoteni wa magurudumu matatu, na madumu kumi na mawili ya maji. Hapa senta tuna kisima kimoja cha pampu, tanki moja, na mitaa miwili, Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini, na maji ni ya mgao. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa yanakwenda Juu. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi yanakwenda Chini. Jumapili pampu inapumzika. Siku ya Juu nachota Juu nateremka kuwauzia watu wa Chini. Siku ya Chini nachota Chini napandisha. Kuteremsha kuna nafuu, kazi ni kupandisha. Unalisukuma guta kwa kifua, miguu inateleza kwenye changarawe, na ukipumzika linarudi nyuma linakukanyaga. Bega langu la kulia limeshuka kuliko la kushoto, fundi cherehani aliniambia wakati ananipima shati. Nilikuwa nataka kukaa kwenye kiti, chini ya feni, niuze muda wa gemu. Sikuwa nataka kingine.

Kidato cha pili niliacha mwenyewe, sikufukuzwa. Nilichoka kuchapwa kwa kuchelewa, na nilikuwa nachelewa kwa sababu ya foleni ya maji kwenye koki.

Fredrick yeye amemaliza kidato cha sita, anasubiri chuo. Baba yake ni mtumishi wa serikali, wanakaa zile nyumba mpya za watumishi Mtaa wa Juu. Siku za kupandisha, madumu sita ya kwanza ni ya mama yake. Nayamimina mwenyewe kwenye pipa lao la bluu jikoni, wakati Fredrick bado amelala.

Basi Jumatano hiyo mji wangu ulikuwa na watu elfu kumi na moja, na walikuwa wanapungua. Wa Fredrick ulikuwa na elfu kumi na sita.

"Anaiba," nilimwambia Abdulazizi.

"Anaiba vipi? Kompyuta ni moja, mimi nimekaa hapa namwona."

"Basi watu wake wana roho nzuri kuliko wangu."

"Watu ni walewale, bro. Ni kompyuta."

Fredrick aliingia saa kumi kamili kuchukua zamu yake, amevaa viatu vyeupe. Akaangalia kioo changu kabla sijafunga.

"Dumu, mbona mji wako una matangazo mengi mekundu? Unafanya sikukuu?"

Dumu ndilo jina analoniita. Nilimjibu kwamba mji wangu ni wa watu wanaojua shida, si kama wake wa watoto wa mama. Akacheka, akakaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto langu.

Shida yangu ilikuwa maji. Kila kitu kingine nilikimudu. Barabara zangu zilikuwa zimenyooka, umeme haukatiki, shule nilijenga tatu mimi ambaye shule ilinishinda. Lakini kila watu walipoongezeka, kona moja ya mji ilianza kulalamika kwamba bomba linatoka kidogo. Nikafanya kama anavyofanya mtu yeyote mwenye akili. Niligawa mji sehemu nne, nikafunga vali mbili na kuacha mbili wazi. Leo Kaskazini na Mashariki, kesho Kusini na Magharibi. Hospitali sikuifungia hata siku moja, mimi si mnyama. Nilikaa na kipande cha boksi nimeandika ratiba kwa kalamu, na niliifuata kwa haki kabisa, sikumpendelea mtu.

Na bado walihama. Niliwachukia. Nilijiona kama mwenyekiti wa kijiji anayekesha kwa ajili ya wajinga.

Alhamisi ilikuwa mbaya zaidi. Nilitoka kupandisha madumu, nikakaa pale na mji ukashuka mpaka elfu kumi na mia mbili. Niliongeza matanki. Niliweka tanki kila mtaa, matanki makubwa, ili siku ya zamu yao wajaze akiba. Matanki yakala eneo la nyumba, na watu wakakosa pa kukaa. Jioni hiyo Fredrick alimaliza muda wake wote, maana zamu yake ya Ijumaa alishaicheza asubuhi. Elfu ishirini na moja na mia tatu. Abdulazizi akaiandika ukutani kwa chaki.

Kwa hiyo Ijumaa nilikuwa na saa mbili, kuanzia saa nane mpaka saa kumi, kupata watu elfu kumi na moja.

Wanaume walikuwa wametoka msikitini, kibanda kimejaa, wengine wamekuja makusudi kuona. Nilifungua mji. Nikachukua boksi langu la ratiba nikaliweka mapajani. Zamu ya Kusini na Magharibi. Nikafunga vali za Kaskazini na Mashariki, na papo hapo alama nyekundu zikaanza kupepesa kama upele. Nikatukana.

Rahma, mdogo wake Abdulazizi, anakaa dirishani kwenye uwakala wa pesa za simu, amenipa mgongo siku zote. Hiyo siku akageuka.

"Joshua, humu kuna watu wametoka kuswali. Unamtukana nani?"

"Watu wangu."

"Wamekufanya nini?"

"Wanahama. Nimewapangia mgao mzuri kabisa, kila mtu na siku yake, na bado wanahama."

Rahma akaweka simu chini. "Umewapangia nini?"

"Mgao."

"Kwenye gemu?"

"Sasa kwenye nini?"

Akasimama, akaja nyuma ya kiti changu. Hajawahi kucheza lile gemu mbele yangu, lakini kompyuta ni yao, na sijui kibanda kikifungwa huwa anafanya nini.

"Kwa nini unawagawia?"

"Maji hayatoshi."

"Nani kakwambia hayatoshi?"

"We huoni? Watu wakiwa wengi kisima kinazidiwa."

"Kisima kiko wapi hapo?"

Nikafungua mdomo kumwonyesha. Hakukuwa na kisima. Kulikuwa na pampu zangu mbili, zile za siku ya kwanza, zimekaa ukingoni mwa mto.

"Huo ni mto, Joshua," alisema Rahma taratibu, kama anamwambia mgonjwa. "Umewahi kubonyeza mto wenyewe?"

"Mto unabonyezwa?"

"Bonyeza."

Nikabonyeza mto. Kikatokea kiboksi ambacho sikuwahi kukiona siku zote saba, na ndani kuna namba mbili. Kiingereza changu si kingi ila namba nazijua. Maji ya mto, mia kwa mia. Ninayotumia mimi, nne.

Nne.

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, halafu wakacheka wote. "Kaugawa mto," alisema mmoja. "Jamaa kaupangia mto zamu." Masikio yalikuwa yanaungua. Nilikuwa na mto umejaa katikati ya mji wangu, naupita kila siku, nimejenga na daraja juu yake, na watu wangu wanakufa kiu kwa ratiba niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ile alama nyekundu haikuwa inasema maji yameisha. Ilikuwa inasema ongeza pampu. Mtu yeyote aliyekulia kwenye maji angeelewa hivyo. Mimi niliona bomba linatoka kidogo, na mkono wangu ukaenda kufunga vali.

"Una saa moja na dakika ishirini," alisema Rahma. "Utakasirika baadaye."

Nikachana boksi. Nikaweka pampu nne, halafu sita. Nikafungua vali zote. Nikabomoa matanki, nikaweka nyumba. Alama nyekundu zikazimika mtaa kwa mtaa, na watu wakaanza kurudi. Elfu kumi na mbili. Elfu kumi na nne. Wale wa gemu la mpira wakaacha mpira. Saa tisa na nusu nilikuwa na elfu kumi na sita, mabasi madogo yanaingia mjini yamefuatana, na mimi kiunoni jasho linatiririka, nachora barabara kama kichaa. Mtu mmoja akasema, "Atamfikia huyu." Fredrick alikuwa mlangoni, mikono mfukoni, hacheki.

Saa kumi ilipigwa na simu ya Abdulazizi. Akaweka mkono kwenye bega langu, lile lililoshuka.

"Basi, kaka."

Elfu kumi na saba na mia sita arobaini. Na walikuwa bado wanaingia. Kabla hajafunga niliwaona kwenye kioo, wanaingia tu.

"Nipe nusu saa," nilisema.

"Siwezi. Makubaliano ni makubaliano."

"Umeona mwenyewe wanavyopanda."

"Nimeona. Na ungeanza hivyo Jumamosi, ningekuwa nakupa wewe funguo." Abdulazizi si mtu mbaya, na hicho ndicho kilichonichoma. Ningependa angekuwa mbaya.

Watu wakampa Fredrick mikono. Mmoja akamuuliza, "Mtaalamu, maji wewe uliyafanyaje?" Fredrick akafikiri kweli, akatafuta jibu.

"Maji?" alisema. "Maji hata sikuyafikiria. Niliweka pampu nyingi siku ya kwanza nikaendelea na mambo mengine."

Alisema bila ubaya wowote. Nikamfuata mpaka mlangoni, nikasimama karibu mpaka akarudi nyuma hatua moja.

"Huwezi kuyafikiria," nilimwambia. "Utayafikiria vipi? Ukiamka yapo jikoni. Unajua yanapandaje?"

"Joshua, mimi sijakukosea."

"Najua hujanikosea."

Nikaondoka. Ningempiga ningejisikia vizuri kwa muda wa kutembea mpaka nyumbani, halafu ningekuwa mtu aliyeshindwa na aliyepiga.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya Chini, siku ya kupandisha. Nilitaka nisiamke. Niliamka. Nikachota madumu kumi na mawili kwenye koki ya Chini, nikaanza kusukuma. Njia ya Juu inapita chini ya tanki. Tanki letu limesimama kwenye mnara wa chuma unaozidi kilima kwa urefu, na kivuli chake ndipo kina mama wa Juu wanapumzika, wakitoka kuchota Chini, kabla ya kumalizia kilima na ndoo kichwani. Walikuwepo wanne watano, na Scholastika mshona vitambaa ndiye mwenye sauti. Mzee Antipasi, mwangalizi wa pampu, alikuwa kwenye kigoda chake, ufunguo wa chemba ya vali umening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

Nikalizuia guta kwa jiwe, nipumue. Na hapo nikawaona mbuzi.

Wapo kila siku. Juu ya tanki kuna bomba la pembeni, tanki likijaa linamwaga, na maji yanaangukia upande wa pili wa mnara kwenye dimbwi, mbuzi na bata wanakunywa. Nimewapita miaka yote. Mradi ulipofunguliwa wafugaji waliahidiwa kwamba yanayomwagika ni ya mifugo, ili wasije kukata mabomba kiangazi. Hiyo ni heshima, hakuna mtu anayeweka ndoo pale. Ni maji ya mbuzi. Ukishasema ni maji ya mbuzi, huyaangalii tena.

Siku hiyo niliyaangalia. Yalikuwa yanaanguka kwa unene wa mkono wangu.

"Shikamoo mzee," nilisema. Hata ukiwa na hasira ya namna gani, unaanza na hapo.

"Marahaba, Joshua. Nasikia umenyimwa kazi."

"Mzee, hili tanki linajaa saa ngapi?"

"Saa tatu huwa limeshajaa."

"Na pampu unazima saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni. Ndiyo ratiba."

"Kwa hiyo kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni linamwaga."

"Ni ya mifugo yale."

"Mifugo mingapi, mzee? Naona mbuzi tisa na bata. Wanakunywa kwa muda wa saa tisa, mbuzi tisa?"

Scholastika akacheka puani. Mzee Antipasi akaninyooshea kidole.

"Usiniletee maneno ya vibandani. Hii ratiba haikuandikwa na mtoto. Iliandikwa wakati wa jenereta. Dizeli ilikuwa pipa moja kwa wiki. Tungefungulia mitaa yote miwili, Alhamisi isingefika, tungerudi kwenye mabwawa."

"Sawa. Jenereta iko wapi?"

Akageuza uso kama anaitafuta. "Iliuzwa. Umeme ulipofika."

"Umeme ulifika lini?"

"Mwaka wa sita huu."

"Na ratiba?"

"Ratiba ni ya kamati ya maji."

"Kamati ilikaa lini ikaiangalia?"

Mzee akaushika ufunguo wake. Maji yalikuwa yanaanguka nyuma ya mnara, na baada ya hapo sikuweza kuacha kuyasikia. Nadhani hata wale kina mama waliyasikia, kwa sababu mmoja alisimama akazunguka kwenda kuona, akarudi.

"Hakuna aliyeuliza," alisema Mzee Antipasi mwishoni.

Miaka sita. Nikahesabu safari za kilima kichwani nikaacha, kwa sababu ningepiga kitu. Miaka sita nimepandisha maji pembeni ya maji. Nimeacha shule kwa ajili ya foleni, sawa, hiyo ilikuwa wakati wa dizeli, simlaumu mtu. Lakini hii sita? Jana kibanda kizima kilinicheka kwa kufungia mto siku saba, na wote waliocheka wanakunywa kwa zamu kwenye tanki linalomwagika.

"Fungua vali ya Juu," nilisema.

"Leo ni siku ya Chini."

"Fungua zote mbili."

"Joshua." Mzee aliinuka kwenye kigoda, na sauti yake ilishuka, haikuwa tena ya kugomba. "Mwanangu, fikiri kwanza. Leo nikifungua Juu, hayo madumu yako unampelekea nani? Kesho kutwa je? Kazi ya kibanda umekosa jana. Kati ya watu wote wa senta hii, wewe ndiye mgao unakulisha. Na wewe ndiye unakuja kuuvunja?"

Kina mama wakaniangalia wote.

Sikuwa nimefikiri. Nasema ukweli, nilikuwa na hasira tu, na hasira haina hesabu. Niliangalia guta. Madumu kumi na mawili, yamefungwa vifuniko kwa vipande vya nailoni. Ndiyo chakula chetu mimi na mama. Ningeweza kuondoa jiwe, nikasukuma, nikanyamaza. Mzee Antipasi angenyamaza. Kina mama wangesema kidogo halafu wangebeba ndoo zao, kama siku zote.

Lakini nilishaona. Jana niliona namba nne, leo nimeona mbuzi. Ningepanda kile kilima kila siku huku najua, na najijua, ningemtukana kila mteja mpaka nikose wote.

"Mimi sijakuuliza kuhusu madumu yangu," nilimwambia. "Nimekuuliza kuhusu tanki. Fungua."

"Siwezi bila kamati."

"Mwenyekiti wa kamati si shemeji yangu?" Scholastika alikuwa ameshatoa simu kwenye kanga. Akaweka sauti ya nje. Mwenyekiti wa kamati ya maji aliitika kwa sauti ya mtu anayekula. Scholastika akamweleza: tanki linamwagika toka saa tatu, mbuzi wanaogelea, sisi tumebeba ndoo, tunataka Mzee afungue kote mpaka saa sita tuone kama litakauka. Mwenyekiti akauliza kama kuna mtu amekufa. Akaambiwa hapana. Akauliza ni nani ameanzisha hayo. Scholastika akaniangalia.

"Joshua wa madumu," alisema.

Mwenyekiti akaacha kutafuna. "Joshua wa madumu anataka mgao uishe?"

"Ndiye."

"Amekunywa?"

"Hajanywa."

"Basi jaribuni mpaka saa sita. Likishuka nusu, Antipasi afunge."

Mzee Antipasi akavua kamba shingoni. Aliinama kwenye chemba, akazungusha vali ya Juu kwa mikono miwili kwa sababu ilikuwa haijazoea kufunguliwa Jumamosi. Tulisikia bomba linakohoa chini ya ardhi, halafu likaanza kuvuma kuelekea kilimani. Bomba la kumwagia likapungua. Kutoka unene wa mkono likawa unene wa kidole. Tukalikodolea macho sote, hata wale mbuzi walionekana wanasubiri. Saa sita kamili lilikuwa bado linamwaga, unene wa kidole, palepale. Mzee Antipasi aliliangalia muda mrefu. Hakufunga. Akarudi kwenye kigoda chake, akakaa upande ambao halioni.

Scholastika akamwaga ndoo yake palepale chini, akaiweka tupu kichwani, akapanda kilima anaimba.

Mimi nikasukuma. Sijui kwa nini nilisukuma. Mteja ni mteja, na madumu yalikuwa yamejaa. Njiani koki za Juu zilikuwa wazi, watoto wamelowa, mtu ananiita jina kwa furaha na mimi siitiki.

Kwenye geti la kina Fredrick nikakutana naye anatoka, funguo za kibanda mkononi, viatu vyeupe.

"Joshua. Njoo jioni, nitakupa saa moja ya bure. Umalizie ule mji wako."

"Ufute," nilimwambia.

Mama yake alikuwa uani, kwenye bomba la nje, ambalo nilikuwa sijawahi kuliona likitoa maji Jumamosi. Alikuwa ameweka ndoo chini yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole, leo umepanda bure, yametoka yenyewe tangu asubuhi. Wamekosea ratiba, eti?"

"Hawajakosea."

"Kwa hiyo kesho kutwa?"

"Yatatoka. Na Jumanne yatatoka."

Akaniangalia, halafu akaangalia guta, na nikaona inamwingia taratibu. "Ee. Na wewe sasa?" Alisimama na mkono shavuni, ananiuliza nitafanya nini, nina mipango gani, baba yake Fredrick anaweza kuuliza ofisini kama wanataka mlinzi, na wakati wote anaongea ndoo ilikuwa imejaa, maji yanafurika, yanapita miguuni mwake, yanakwenda kwenye maua, yanakwenda getini.

"Mama, funga bomba," nilisema.

"Eh?"

"Funga bomba. Yanamwagika."

Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kumsemea mtu mzima. Alishtuka, akarudi nyuma. Nikapita mbele yake nikalifunga mwenyewe, nikalikaza mpaka mwisho, na nikabaki nimelishika. Maji yapo, jana na leo nimejionea mwenyewe, na mkono ulikataa kuachia. Mama yake Fredrick akaivuta ndoo yake pembeni. Baadaye nikamwomba samahani, nikatoka.

Nikageuza guta. Kushuka na madumu yaleyale niliyoyapandisha, bado yamejaa, sikuwahi kufanya. Linakusukuma kwa nyuma, lazima uweke mgongo uzuie hatua kwa hatua mpaka chini.